Karatasi Zitangulie Safari

Nyumba za Mwananyamala hazikosi mgeni. Kuanzia kwa Kopa mpaka Komakoma, ni shida kuipata nyumba ambayo haijapata kumlaza mtu wa Unguja, Pemba au Mafia. Mmoja amekuja kutibiwa, mwingine amekuja kununua bidhaa Kariakoo, na wa tatu ni kijana aliyefikia kwa shangazi yake ili afuatilie karatasi za masomo. Huyu wa tatu ndiye tunayetaka kumzungumzia leo.

Binti tuliyemkuta katika nyumba moja ya mtaa huo ametoka Pemba. Alimaliza kidato cha sita katika masomo ya sayansi na kupata daraja la kwanza. Nchi moja ya Ulaya ilitangaza nafasi za masomo zenye ufadhili kamili, naye akaomba. Cheti chake cha kuzaliwa kilimwandika baba yake Khamis. Cheti cha mtihani kilimwandika Hamisi. Tofauti ni herufi mbili. Akaambiwa ale kiapo mbele ya wakili, akala. Akaambiwa kiapo hicho kikasajiliwe kwao, akavuka bahari kwenda Pemba na kuvuka tena kurudi Dar es Salaam. Katika ofisi moja akaelezwa kwamba mwenye kutia saini yuko safarini, basi arudi wiki ijayo. Saini ilipopatikana, tarehe ya mwisho ya maombi ilikuwa imekwisha kupita kwa siku nne.

Nyumba ya tatu kutoka hapo alikuwako kijana wa kiume, naye pia mtoto wa mkulima, ambaye alama zake zilikuwa chini ya alama za binti huyu. Yeye alipata nafasi na akasafiri. Alikuwa na mwalimu ambaye, mara tu baada ya mtihani, alimwamuru akusanye vyeti vyake vyote, avilinganishe majina na kuviweka katika bahasha moja. Tangazo lilipotoka, kijana alifungua bahasha tu.

Hatumwonei kijana yule husuda, alistahili. Lakini kisa hiki kinatufundisha jambo ambalo wazee na maafisa wetu wengi hawajalitia maanani. Nafasi ya masomo ya nje humwendea mwenye akili ambaye karatasi zake ziko tayari siku tangazo linapotoka. Mwenye akili asiye na karatasi hubaki ukumbini kwa shangazi yake. Na kwa kuwa kutayarisha karatasi ni kazi ya watu wengi, yaani mzazi, mwalimu, sheha, mtendaji wa kata na afisa wa serikali, basi kijana anapokosa nafasi kwa sababu ya karatasi, lawama haiwezi kuwa yake peke yake. Ni yetu sote.

Hapana budi tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1949 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Tabora, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa msaada wa masomo, na akarejea mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A. Visiwani, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wengi walielekea Cairo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikafunguka milango ya Ujerumani Mashariki, Urusi ya Kisovieti, China na Cuba. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba, kiliwapokea vijana wa Afrika kwa maelfu katika miaka iliyofuata.

Katika mfumo ule nafasi zilipita mikononi mwa serikali na Chama. Kijana aliitwa. Aliletewa barua, akaelezwa siku ya safari, na mara nyingine hata chuo alichopangiwa alikijua akiwa njiani. Hatudai kwamba mfumo ule haukuwa na kasoro. Kujuana kulikuwako, na wapo waliokwenda kwa sababu ya ujomba, huku wenye uwezo zaidi wakibaki kuvua samaki. Hata hivyo, mfumo ule ulikuwa na sifa moja: aliyekwisha kuchaguliwa hakuachwa ahangaike peke yake na mihuri.

Leo mambo yamegeuka. Kijana haitwi tena. Hana budi ajiite mwenyewe. Zipo nafasi ambazo bado hupitia serikalini, kama zile za Stipendium Hungaricum za serikali ya Hungaria, ambazo huhitaji mwombaji apendekezwe na mamlaka ya nchi yake. Lakini nyingi huombwa moja kwa moja na kijana mwenyewe kwa njia ya intaneti. Ndivyo zilivyo nafasi za Türkiye Bursları za serikali ya Uturuki na zile za Chevening za Uingereza. Wanaotafuta shahada za juu wanayo pia nafasi ya Chuo Kikuu cha Afrika, kilichoanzishwa na Umoja wa Afrika, chenye taasisi zake katika nchi mbalimbali za bara letu, ikiwamo ile iliyopo Juja nchini Kenya. China, India, Japani, Misri na Algeria nazo huwasomesha vijana wa Afrika kila mwaka.

Mlango umekuwa mpana zaidi kuliko ulivyokuwa siku za wazee wetu. Mtoto wa mvuvi wa Kojani anaweza kuomba kile anachoomba mtoto wa waziri, kwa fomu ile ile na bila kumwomba mtu radhi. Hili ni jambo la kushukuru. Lakini mlango mpana usiokuwa na mtu wa kuuonyesha humfaa zaidi aliyekwisha kuzoea kuingia milangoni. Mtoto wa waziri ana mjomba anayejua tarehe. Mtoto wa Kojani ana nani?

Basi na tuzitaje tarehe hizo, kwa kuwa kalenda ndiyo adui wa kwanza wa mwombaji wetu. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei, na matokeo kwa kawaida hutoka mwezi wa Julai. Maombi ya Hungaria hufunguliwa karibu na Novemba na kufungwa katikati ya Januari. Maombi ya Uturuki huanza tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari. Nafasi nyingi za China huombwa katika miezi ya kwanza ya mwaka. Kwa waliokwisha kupata shahada na kufanya kazi miaka miwili, Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba.

Msomaji ahesabu mwenyewe. Kutoka Julai hadi Januari ni miezi sita. Miezi hiyo ndiyo mtaji wa kijana, nasi tumezoea kumwachia aimalize barazani akisubiri “kuona itakuwaje”. Wengine hutoka katika kambi za JKT na kudhani wamepumzika. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Na katika baadhi ya nafasi kuchelewa hakusameheki kamwe: Uturuki humtaka mwombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya umri wa miaka 21. Kijana aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 20 hana mwaka wa kupoteza. Akikosa Februari hii kwa sababu ya herufi mbili, Februari ijayo umri umekwisha kumtoa.

Ama kuhusu karatasi zenyewe, si nyingi wala si za ajabu. Ni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya kidato cha nne na cha sita au hati za matokeo, pasipoti, barua mbili za watu wanaomjua mwombaji, maelezo ya mwombaji mwenyewe kwa nini anataka kusoma fani fulani, na kwa nchi kama China, fomu ya uchunguzi wa afya. Kila moja ya hizi hupatikana hapa hapa nchini. Kinachozifanya kuwa mlima ni kutafutwa zote kwa wiki mbili.

Tuanze na majina. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa mapema kwamba harufi moja ikipotoka, maana nayo hupotoka. Qalbu ni moyo, na kalbu ni mbwa. Mwalimu hakumwachia mtoto alikosee neno hilo mara mbili. Lakini wengi wetu tulipofika kwenye daftari la usajili tulilegea. Mtoto huyo huyo ni Khamis kliniki, Hamisi shuleni na Hamis kwenye kitambulisho. Ni Salum kwa baba yake na Salim kwa karani. Ana majina mawili katika cheti hiki na matatu katika kile, na la babu limeshika nafasi ya baba. Kwetu ni mtu mmoja, na kila mtu mtaani anamjua. Kwa afisa aliyeko Budapest au Ankara, hao ni watu watatu, na hatumlaumu kwa kuwaona hivyo.

Tunawasihi wazazi wafanye jambo moja jepesi: wakati mtoto anapoandikishwa kwa mtihani wa kidato cha nne, wachukue cheti chake cha kuzaliwa, waende nacho shuleni, na walinganishe herufi kwa herufi kabla jina halijapelekwa Baraza la Mitihani. Kurekebisha jina kabla ya mtihani ni kazi ya kalamu. Kulirekebisha baada ya cheti kutoka ni kazi ya wakili, kiapo, muhuri, nauli na machozi.

Pasipoti nayo isingoje barua ya chuo. Ada yake ni Sh. 150,000, fedha ambazo kwa mkulima wa karafuu au mwani haziokotwi njiani. Hata hivyo, mzazi anayeweza kumwekea mtoto akiba ya harusi anaweza pia kumwekea akiba ya pasipoti. Ikiwa uwezo haupo kabisa, ukoo uchangie, kama tunavyochangia maziko na arusi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe kuanze mapema.

Kisha kuna barua za walimu, na hapa tutasema maneno ambayo huenda yasiwafurahishe baadhi ya ndugu zetu. Tumeonyeshwa barua nyingi za namna hiyo, na karibu zote ni barua moja. Zinasema kwamba mwanafunzi ana tabia njema, ana heshima kwa wakubwa na hushirikiana na wenzake. Maneno hayo ni mazuri kwa mtu anayeposa, lakini hayamsaidii mtu anayeomba kusomea uhandisi wa maji. Mwenye kutoa ufadhili anataka kujua mwanafunzi huyu alifanya nini ambacho wengine hawakufanya. Je, ndiye aliyewafundisha wenzake hesabu jioni wakati shule haina mwalimu wa hesabu? Je, aliongoza kikundi kilichopanda mikoko ufukweni? Je, alitembea maili tatu kila siku na asikose kipindi? Mwalimu anayajua haya. Basi na ayaandike, tena kwa mifano. Nusu saa ya mwalimu yaweza kuwa miaka minne ya mwanafunzi.

Mwombaji naye ajifunze kujieleza bila kujikweza na bila kujidhalilisha. Wengi huandika kwamba wanaomba kwa sababu wazazi wao ni maskini. Umaskini si aibu, lakini si sababu ya kutosha. Waombaji karibu wote ni maskini. Aeleze ameliona tatizo gani kwao, anataka kusoma nini ili alitatue, na atakaporudi ataanzia wapi. Binti wetu wa Pemba, tulipomuuliza, alisema kwamba visima vya kijijini kwao vimeingiwa na maji ya chumvi na anataka kujua kwa nini. Katika fomu yake hakuliandika hilo. Aliandika kwamba anapenda sayansi tangu utotoni. Tulisikitika kuliko tulivyosikitika kwa zile herufi mbili.

Lipo jambo jingine linaloonekana dogo, nalo limewakosesha vijana wengi. Mwananyamala, kama Tandika na Mbagala, kuna maduka ya steshenari ambayo vijana huenda kujaziwa fomu. Mwenye duka humfungulia kijana anwani ya barua pepe, hutumia namba yake mwenyewe ya simu, na hubaki na nywila. Miezi miwili baadaye jibu linakuja likimwita kijana kwenye usaili, na hakuna anayelisoma. Tunawaambia vijana: anwani ya barua pepe ni kama ufunguo wa nyumba. Ifungue mwenyewe, iandike mahali pa salama, na uisome kila siku mpaka jibu lije. Kulipia uchapaji si kosa. Kosa ni kumwachia mtu mwingine jina lako.

Sasa tuwageukie maafisa wa serikali, wa pande zote mbili za Muungano, kwa heshima zote. Katiba imeiweka elimu ya juu katika mambo ya Muungano, pamoja na Baraza la Mitihani na uhamiaji. Lakini usajili wa vizazi unafanywa Bara na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na Visiwani na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliotokana na sheria ya mwaka 2018. Maana yake ni kwamba kijana wa Kisiwani anayeomba nafasi ya masomo anagusa ofisi za serikali mbili kwa wakati mmoja, na kati ya ofisi hizo kuna bahari. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, ingawa nchi kama China, India na Oman zina ofisi za kibalozi Unguja. Kosa la karani wa Wete hugunduliwa na karani wa Dar es Salaam, na anayebeba gharama ya kuvuka ni mtoto wa watu ambaye hakuandika chochote kati ya hivyo.

Hatupendi kulaumu bila kutoa shauri. Kwa hiyo tunatoa mashauri manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi wala sheria mpya.

La kwanza, kila tangazo la nafasi za masomo linalotolewa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia lifike siku hiyo hiyo kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, na kutoka hapo lifike kwa masheha na walimu wakuu. Ubao wa matangazo wa shehia, na wa ofisi ya kata huku Bara, usiwe wa mikutano ya hadhara na chanjo za kuku peke yake. Tangazo libandikwe, lisomwe msikitini, kanisani na katika mkutano wa tawi, likiwa na tarehe ya mwisho imeandikwa kwa herufi kubwa.

La pili, kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha sita, yatengwe majuma mawili ya kurekebisha majina. Wasajili, maafisa wa Baraza la Mitihani na wa Uhamiaji wakae meza moja, Unguja majuma hayo, Pemba majuma hayo, na kwa wakazi wa Dar es Salaam katika wilaya zao. Kijana aingie na vyeti vinavyogombana na atoke na vyeti vinavyopatana. Ikiwa tunaweza kuwakutanisha maafisa kwa ajili ya sherehe, hatuwezi kushindwa kuwakutanisha kwa ajili ya hili.

La tatu, pasiwepo ofisi ambayo kazi yake husimama kwa sababu mtu mmoja amesafiri. Kila mwenye mamlaka ya kutia saini awe na naibu mwenye mamlaka hayo hayo, na jina la naibu huyo libandikwe mlangoni. Safari ya afisa ni kazi ya taifa, lakini na safari ya mwanafunzi ni kazi ya taifa pia.

La nne, kwa zile nafasi zinazopitia serikalini, majina ya waliochaguliwa yatangazwe pamoja na wilaya wanazotoka na alama walizopata. Jambo hili litaondoa manung'uniko. Tukiwa makada, tunasikia barazani yale ambayo maafisa hawayasikii ofisini, nasi twajua kwamba palipo na siri hata haki huonekana kama upendeleo.

Wapo watakaosema kwamba ufadhili kamili maana yake kijana halipi kitu, basi michango na mashauri yote haya ni ya nini? Neno “kamili” lisomwe kwa makini. Uturuki hulipa ada, malazi, bima, posho na nauli ya ndege. Hungaria hulipa ada, posho, malazi na bima, lakini nauli ya ndege haimo. Na kabla ya ufadhili wowote kuanza, zipo gharama za pasipoti, viza, mawakili, uchunguzi wa afya na boti.

Majirani zetu wa Kenya waliwahi kulikabili jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vyuo vya Marekani viliwapa vijana wa Kenya nafasi za masomo, lakini nauli hawakuwa nayo. Tom Mboya akaomba msaada kwa marafiki wa Marekani, na huku nyumbani jamaa wakauza mifugo na kuandaa chai na ngoma za mchango. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliwachukua wanafunzi 81. Mwaka uliofuata safari ziliendelea, na miongoni mwa waliokwenda alikuwamo Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Nafasi zilikuwako tangu mwanzo. Kilichokosekana kilikuwa nauli, na watu walijichangisha. Mitaa yetu yenye vyama vya kufa na kuzikana haishindwi kuwa na mfuko mdogo wa kusafiri na kusoma.

Tahadhari nayo ni ya lazima. Pale penye njaa ya elimu hapakosi fisi. Mtu yeyote anayemdai kijana fedha ili “amwingizie jina” ni mwizi, hata akiwa amevaa suti na ana ofisi yenye kiyoyozi. Türkiye Bursları, Stipendium Hungaricum na Chevening hazitozi ada ya kuomba. Tena si kila kinachoitwa mafunzo ni masomo. Mradi wa Alabuga Start wa Tatarstan, nchini Urusi, ulijitangaza kwa wasichana wa Afrika wenye umri wa miaka 18 hadi 22 kama nafasi ya kazi na mafunzo. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba baadhi yao walijikuta kiwandani wakiunganisha ndege za kivita zisizo na rubani. Mzazi aulize: chuo ni kipi, kinatoa shahada gani, na je, Tume ya Vyuo Vikuu yetu inakitambua? Ajue pia hali ya nchi yenyewe, kwani vita vya Ukraine vya mwaka 2022 na vya Sudan vya mwaka 2023 vilikatiza masomo ya vijana wetu waliokuwa huko.

Kwa wazazi wanaohofia kuwapeleka mabinti mbali, tunasema kwamba hofu yao tunaielewa, na hatuidharau. Lakini neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume lilikuwa “Soma”, na halikuwekewa mpaka wa mwanamume na mwanamke. Binti anayeaminiwa kuvuka bahari peke yake kutafuta mihuri anaweza kuaminiwa kuvuka bahari nyingine kutafuta elimu. Mzazi ahakikishe chuo, malazi na Watanzania waliotangulia huko, kisha ampe mwanawe radhi zake.

Mwisho, liko swali la kurudi. Wapo wanaosema kwamba tunawasomesha vijana ili wabaki Ulaya. Mwalimu aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Asiporudi, amewasaliti waliomlisha. Chevening wenyewe huwataka waliofadhiliwa warejee makwao kwa angalau miaka miwili. Lakini tukimtaka kijana akumbuke kwao, kwao nako hakuna budi kumkumbuke. Aliyesindikizwa na sheha, mwalimu na jirani anajua anadaiwa na nani. Aliyesumbuliwa mpaka dakika ya mwisho, akaondoka kwa jitihada zake na za shangazi yake tu, tutamwambia nini akituuliza deni letu ni lipi?

Binti wa Pemba bado yuko Mwananyamala. Majina yake sasa yanalingana katika vyeti vyote, bahasha yake imejaa, na maelezo yake ameyaandika upya yakianza na visima vya chumvi. Anasubiri Novemba. Amefanya sehemu yake. Tunawaomba wale wote watakaotakiwa kuweka muhuri juu ya karatasi yake, na juu ya karatasi za wenzake, wawepo ofisini siku hiyo.